Radi na Turbo ya Shemeji

Jumatatu, 4 Novemba

Jana aibu. Nilitoa Radi barabarani kwa majaribio, njia ya Luano, asubuhi, watu wachache. Radi ni gari langu la mashindano. Nimelijenga mwenyewe uani kwangu, kwa mifupa ya teksi iliyokufa na moteri ya teksi nyingine iliyokuwa inakaribia kufa. Nilikanyaga mafuta mpaka chini. Radi likanguruma, likatetemeka, likaenda. Kisha nikapitwa na baiskeli.

Baiskeli ya makala, mkaa wa kupikia. Magunia yamepangwa mpaka juu ya kichwa cha mwenyewe. Kulikuwa na mteremko kidogo, sikatai. Lakini mteremko ulikuwa wetu sote wawili. Yule bwana alinisalimia wakati anapita.

Nani mwingine angeona kama si Adrien? Jirani yangu, daktari wa meno, baba yake alitoka Kasai na shule kichwani. Ana gari la mashindano la kweli, lililonunuliwa likiwa tayari, lenye turbo ya kiwandani. Alikuwa kando ya barabara anajaribu matairi yake. Amewasimulia majirani wa avenyu nzima. Leo mama muuza maandazi ameniuliza kama nami nimeingia kwenye biashara ya makala.

Mashindano ni Jumapili ya tarehe 17, kulekule Luano. Mimi Bilal, fundi cherehani, mshona mapazia na makochi, mjukuu wa mshona kanzu aliyekuja kwa miguu kutoka Maniema, sitapitwa na baiskeli mara ya pili.

Dawa ni turbo. Nilimweleza mke wangu Ramla wakati wa kula. Turbo ni konokono wa chuma. Moshi unaotoka kwenye moteri unazungusha feni moja, feni hiyo inazungusha mwenzake, mwenzake anasukuma hewa kwa nguvu ndani ya moteri. Gari linapata mapafu ya pili. Ramla akauliza konokono huyo anauzwa wapi, na kwa pesa ya nani. Nikaendelea kumega bukari yangu.

Ramla anawaza samaki tu. Wiki ijayo anakwenda Kasenga na kaka yake kuchukua mzigo wa mwisho kabla uvuvi haujafungwa. Mtaji wake wote unaingia humo. Mwanamke asiye na ndoto.

Jumatano, 6 Novemba

Mungu ni mkubwa. Turbo imekuja yenyewe, kwa magurudumu, ikaingia langoni.

Mahamudu, kaka mkubwa wa Ramla, ameleta kamyo yake, lori la mizigo, ilale kwetu mpaka siku ya safari. Kwake mvua za kwanza zimegeuza uwanja kuwa bwawa. Kwetu lango ni pana: mwaka jana nilibomoa ukuta, maana Radi nililijenga ndani nikasahau kupima mlango. Mahamudu ni mtu wa maneno machache na mabega mapana. Alisema, beau, yaani shemeji, kamyo hii ndiyo chakula cha watoto wangu na shule yao, uichunge. Nikaapa. Niliapa kwa moyo safi. Wakati ule nilikuwa bado sijafungua kapo, kifuniko cha moteri.

Alipoondoka nikafungua kapo. Kutazama tu. Pale ubavuni mwa moteri: konokono. Mkubwa kama kichwa cha mbuzi. Amenenepa kwa mafuta na vumbi, mzuri ajabu.

Mchana wote nimefikiri. Kamyo ya dizeli inaweza kwenda bila turbo. Itakwenda polepole. Lakini Mahamudu mwenyewe huwa anawalaani madereva wanaokimbia, kwa hiyo nitakuwa nimemsaidia. Tena ni mkopo. Watarudi Jumamosi ya wiki ijayo, Jumapili nitashinda, Jumatatu nairudisha turbo ya watu mahali pake. Hatajua kamwe.

Adrien amepita kuulizia makochi yake. Aliniletea simili nzuri nyekundu, nzito, ile ngozi ya bandia aliyoagiza Zambia. Nikamwambia yanakaribia kuisha. Hayajaanza. Ninaposema yeye ananitazama meno. Anafanya hivyo kwa kila mtu. Huwezi kudanganya vizuri mbele ya mtu wa namna hiyo.

Ijumaa, 8 Novemba

Kazi imefanyika wakati wa sala. Mahamudu msikitini, Ramla kwa mama yake, avenyu kimya. Mimi pia nilipaswa kuwa msikitini. Nitalipa.

Guelor amekuja na chupa zake za gesi. Guelor ni sudere, fundi wa kuchomelea vyuma, na ni mhubiri wa kanisa la uamsho. Anaombea kila chuma kabla ya kukichomelea, na baada ya kukichomelea anakiombea tena, na ukiiona kazi yake unaelewa kwa nini. Aliuliza turbo ni ya nani. Nikasema ni ya familia. Akasema basi Bwana asifiwe, tufungue.

Nati zilikuwa na kutu. Tulipigana nazo. Konokono akatoka. Guelor akachomelea kipande cha bomba mahali moshi ulipokuwa unapita, na upande wa hewa tukafunga mpira. Moteri ya kamyo ikawaka, vizuri kabisa. Lakini ukifungua kapo unaona pengo. Pengo kama la jino la mbele lililong'olewa. Hata Mahamudu, ambaye kwenye moteri anajua kumwaga maji tu, ataliona.

Nilikaa chini nikakata tamaa. Halafu nikakumbuka mimi ni nani.

Simili ya Adrien, kipande kidogo tu. Sponji ya makochi. Nimeshona turbo. Konokono kamili, na mdomo wake na tumbo lake, mshono maradufu kuzunguka ukingo wote, kisha nikapaka rangi ya fedha, ile ya mageti. Nimemfunga kwa waya palepale pengoni, mbali kidogo na bomba la moshi. Nikarudi nyuma kutazama. Machozi yalinitoka. Sijawahi kushona kitu kizuri namna hii, na hakuna mtu duniani ninayeweza kumwonyesha.

Jumamosi, 9 Novemba

Mahamudu amekuja kukagua kamyo. Akafungua kapo mwenyewe. Nilisimama nyuma yake. Alitazama moteri. Alimtazama konokono wangu uso kwa uso. Akasema moteri imekuwa safi, akanishukuru kwa kuipangusa, akanipa mkono. Nikajisikia vibaya. Kisha nikajisikia vizuri. Kisha vibaya tena, na hivyo ndivyo nitakavyolala.

Ramla ameuliza mbona vidole vyangu vina rangi ya fedha. Nikasema ni fimbo za mapazia. Aliniangalia kidogo, akaendelea kukunja magunia yake. Ananiita Papa Yasmine, kwa jina la binti yetu aliyeolewa Likasi. Alisema, Papa Yasmine, ukiwa na neno useme. Nikasema sina neno.

Jumatatu, 11 Novemba

Balaa. Turbo ya kamyo, moteri ya teksi. Ni kama kumvika mtoto mchanga kanzu ya babu. Kapo haifungi. Tukakata tundu. Tundu halitoshi. Tukaondoa kapo yote.

Nati za turbo haziingii kwenye matundu ya moteri yangu. Hakuna hata moja. Guelor akasema asiye na imani ndiye anayehitaji nati. Ameichomelea. Chuma kwa chuma, kovu nene kama funza. Nikauliza baadaye tutaitoaje. Akasema hajawahi kuona kazi yake ikibanduka. Mimi nimeiona mara nyingi, lakini nikanyamaza, kwa sababu safari hii nilikuwa natarajia ibanduke.

Tena turbo inataka mafuta muda wote, la sivyo vyuma vya ndani vinasagana. Kwenye kamyo kuna kijibomba kinacholeta mafuta kutoka kwenye moteri. Kwangu hakuna pa kukichomeka. Nimetundika chupa ya mafuta ya cherehani mbele ya usukani, na mpira wa serumu ya wagonjwa kutoka duka la dawa, tone kwa tone. Kile kigurudumu cha kuongeza matone nitakishika kwa mkono wa kushoto. Guelor akaweka kiganja juu ya moteri akaiombea kama mgonjwa. Kweli ilifanana na mgonjwa.

Mpira wa hewa wa kipimo hicho haupatikani. Nimeushona. Simili tena. Ya Adrien imebaki ya kutosha kochi moja na mkono wa kochi la pili.

Jumanne, 12 Novemba

Wameondoka asubuhi. Ramla amekaa mbele kando ya kaka yake, na vikapu vyake na termosi yake ya chai. Kamyo ikatoka langoni kwa moshi mweusi, mzito, wa kutisha. Mahamudu akatoa kichwa dirishani akasema dizeli ya siku hizi ni maji. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba hata mimi nimesikia hivyo. Ramla akanipungia mkono. Niliona haya kupunga. Nikapunga.

Mchana tukafanya jaribio. Radi likawaka. Guelor akaimba haleluya. Tukasubiri. Hakuna kitu. Konokono hazunguki hata kidogo. Moteri inapuliza kama bibi kizee anayepuliza jiko, na turbo inaitazama tu.

Kisha moshi. Mweupe. Nilikuwa nimefungua matone kupita kiasi. Ukajaza uani, ukapanda ukuta, ukaingia kwa Adrien, chumba cha mbele, ambako ndiko anatibu. Mgonjwa wake akatoka mbio mpaka barabarani, mdomo wazi, pamba bado iko ndani. Hakurudi. Adrien akaja na koti lake jeupe. Hakupiga kelele. Aliuliza kwa upole tu kama nimeacha kushona. Ndicho kilichoniuma.

Alhamisi, 14 Novemba

Mpira wa hewa umepasuka. Kwanza ulinipa matumaini, na hilo ndilo baya zaidi. Guelor alikanyaga mafuta muda mrefu bila kuachia, na kwa mara ya kwanza konokono akaanza kuimba: fyuuu. Sauti tamu. Mpira ukajaa, ukanenepa, ukawa puto. Mshono wangu haukuachia hata uzi mmoja, naomba hilo lijulikane. Ni simili yenyewe iliyochanika kando ya mshono. Kipande kikaruka juu ya ukuta.

Adrien amekirudisha. Alikishika kwa vidole viwili kama jino bovu. Ni nyekundu yake, hakuna nyingine kama hiyo mjini.  Alisema tu kwamba Jumapili ikipita anataka makochi yake au simili yake, na kama si hivyo anakwenda kwa mkubwa wa mtaa. Nimeshona mpira mwingine. Turubai, tabaka mbili, kwa mikanda ya begi la shule. Makochi nitayawaza baadaye.

Jioni Ramla akapiga simu kutoka Kasenga. Wamefika, lakini kamyo ilipanda vilima kwa taabu, watu wa miguu wakiwapita na kuwapa pole. Mahamudu anasema ni dizeli. Nikasema bila shaka ni dizeli. Nikasema tena. Nafikiri nilisema mara nyingi mno. Kisha akasema samaki ni wengi na wazuri, barafu ipo, ameingiza mtaji wote. Sauti yake ilikuwa na furaha. Nilishindwa kula.

Jumamosi, 16 Novemba

Yameharibika.

Kamyo imekwama njiani wakati wa kurudi. Mlima mmoja tu, ambao kila mwaka wanaupanda wakipiga soga. Safari hii imejaa mzigo, haina pumzi, moteri ikachemka. Ramla amepiga simu akiwa kando ya barabara. Barafu inayeyuka. Anauza samaki kwa kila anayepita, kwa bei ya kutupa, na wanaopita ni wachache. Hakulia. Afadhali angelia. Alisema tu kwamba kuna mekanisie, fundi wa magari wa kijiji cha karibu, ataletwa kesho mapema afungue kapo.

Afungue kapo. Nilikaa kwenye kiti cha cherehani nikashika kichwa.

Halafu nikaamua. Nitawapelekea turbo yao. Nikachukua funguo za nati, nikaenda kwa Radi, nikainama, nikakumbuka kwamba hakuna nati. Nikakimbia kwa Guelor. Guelor yuko kwenye mkutano wa maombi huko Kipushi mpaka Jumatatu, gesi ameifungia ndani, ufunguo amekwenda nao. Nimejaribu nyundo. Nimejaribu msumeno. Nimejaribu kuomba. Kila kazi ya Guelor ninayoijua imebanduka: lango la muuza mbao, kiti cha Adrien cha wagonjwa, kitanda chetu. Hii haibanduki.

Basi turbo itasafiri pamoja na gari lililoimeza. Mekanisie wa kule atajua namna ya kuikata. Lazima ajue. Natoka kesho asubuhi.

Kesho ni mashindano. Najua kwamba kesho ni mashindano.

Jumapili, 17 Novemba

 Nitaandika kama ilivyokuwa.

Barabara ya Kasenga inapita Luano. Hakuna nyingine. Nilipofika pale walikuwa wamejaa: bendera, muziki, moshi wa nyama. Adrien kwenye mstari, kofia kichwani, gari lake linang'aa. Mtu wa kamati akanipungia, akanionyesha nafasi yangu. Walikuwa wameiandikia jina langu kwa chaki. Nikawaza, mzunguko mmoja tu, Ramla amesubiri tangu jana, mzunguko mmoja hautamuua. Nilikuwa nimeshakata usukani. Kisha nikaurudisha. Sijui ni nani aliyeurudisha, kwa sababu mimi nilikuwa nalia. Nikapita. Walidhani nimepotea njia, wakanipigia miluzi.

Mbele ya pale barabara imenyooka, miti huku na huku, hakuna gari. Kwa uchungu nikakanyaga mafuta mpaka chini nikauacha mguu hapohapo. Mkono wa kushoto kwenye matone. Muda mrefu hakuna kitu. Kisha fyuuu. Kisha fyuuu ikawa yowe. Na Radi likaruka.

Sina maneno. Kiti kilinipiga mgongoni. Miti ikawa ukuta. Turubai limejaa hewa, limekaza, halipasuki. Watu wa makala walikuwa wanakuja kwa mstari kuelekea mjini na baiskeli zao, na kila mmoja aligeuza kichwa. Nilipiga kelele. Nilimwita marehemu baba yangu aone. Hakuna gari lililowahi kwenda namna ile katika Katanga yote, nina hakika, na mashahidi wangu ni watu wa makala na mbuzi mmoja.

Kisha nikaangalia chupa. Tupu. Konokono akalia kama anachinjwa, moteri ikapiga kishindo, kitu fulani kikatoka chini ya gari, kikaviringika barabarani mbele yangu, kikanitangulia. Halafu kimya.

Nilikaa kwenye majani kando ya Radi mpaka jua likawa kali. Nikasikia kamyo kabla ya kuiona. Inakohoa, inatambaa. Walikuwa wamepunguza nusu ya mzigo, samaki wengine wameuzwa, wengine wamemwagwa, ndipo ikakubali kupanda. Mahamudu akasimama. Akalitazama Radi. Akaitazama turbo yake, imeganda kwenye moteri iliyopasuka tumbo.  Akaenda kutafuta kamba.

Ramla akashuka polepole. Mkononi alikuwa na konokono wangu wa simili, ubavu mmoja umeungua, sponji iko nje. Baadaye niliambiwa kwamba yule mekanisie alipofungua kapo alicheka mpaka akakaa chini. Alisema amefungua moteri nyingi maishani lakini hajawahi kukuta mto wa kochi. Mahamudu alisema ni kazi ya wachawi. Ramla aliomba tu apewe aushike.

Akasimama mbele yangu. Tangu Yasmine azaliwe hajawahi kuniita kwa jina.

"Bilal," akasema, "hii mushono niko naijua. Njo ulishoneaka nayo robe yangu ya ndoa."

Kweli, mshono maradufu uleule wa gauni lake la harusi. Nikasema nilikuwa nakuja. Nikasema nilikuwa nawaletea turbo. Nikaonyesha barabara nyuma yangu, kana kwamba barabara ingenitetea.

"Niko naona," akasema. "Ulikuwa unakuya."

Akapanda kwenye kamyo, akafunga mlango taratibu.

Wakanivuta kwa kamba. Mimi kwenye usukani wa Radi, maji ya samaki yananirukia usoni njia nzima, maana kapo tuliiondoa na kioo sikuwahi kuweka. Luano mashindano yalikuwa yamekwisha, watu wametanda barabarani. Wakatupisha. Wengine wakapiga makofi. Adrien alikuwa amebeba kombe. Alitazama kamyo, akatazama kamba, akanitazama mimi. Hakucheka. Alivua kofia.

Jumatatu, 18 Novemba

Ramla hasemi nami. Anasema na sufuria, na ndoo, na paka.

Samaki waliobaki hawafai kuuzwa wabichi. Ni kuwakausha kwa moshi leo hii au kuwatupa, na hatuna jiko la kuwatosha. Asubuhi alilizunguka Radi akilikagua, kama mtu anayenunua mbuzi sokoni. Kisha akamwita Guelor, aliyerudi kutoka maombini na sauti imekauka. Guelor akatoa moteri na turbo yake, akatandika wavu wa chuma mahali moteri ilipokuwa. Ramla akawasha makala chini. Samaki juu.

Inafanya kazi. Hilo ndilo linaloniua. Hakuna siku Radi limefanya kazi namna hii. Hewa inaingia kwa mbele, moshi unapita juu ya samaki, unatokea nyuma kwenye viti. Wanawake wa avenyu wamekuja kutazama na kuuliza. Adrien alinunua samaki mmoja, akala amesimama, akasema ni mzuri. Akaulizia makochi.

Baada ya alasiri Mahamudu akaja. Guelor alikuwa ameikata turbo. Vyuma vya ndani vimesagika vyote. Nilimwambia nitalipa, kidogo kidogo. Aliigeuza mikononi kama mtu anayemtazama ndege aliyekufa. Alisema samaki wamekwisha, sasa kamyo inakwenda Mitwaba kuchukua mahindi, na mvua zimeanza, na njia ile kila mtu anaijua. Bila turbo haitapanda. Nikauliza basi itakuwaje. Akaniwekea mkono begani. Mkono mzito.

"Mpaka nipate ingine, beau, turbo iko weye. Utasukuma."

Nilicheka. Nikamtazama. Nikaacha kucheka.

Jumatano, 27 Novemba. Njia ya Mitwaba

Nimelowa, kalamu imelowa, kurasa zinashikana. Nimesukuma tangu asubuhi. Matope mpaka magotini. Kila kilima Mahamudu anatoa kichwa dirishani, anasema turbo, na mimi nashuka. Halisemi kwa hasira neno hilo. Analisema kama mtu anayebadilisha gia. Mikono yangu ilikuwa inapitisha uzi kwenye sindano gizani, sasa imevimba kama mikate. Jana niliteleza, kamyo ikarudi nyuma kidogo, nikauona mwisho wangu, na hata mwisho ukanipita.

Ramla ameniandikia ujumbe, wa kwanza. Anasema moto wa Radi haujazimika tangu tuondoke, wanawake wa sokoni wanamletea samaki wao awakaushie. Makochi ya Adrien yamepelekwa kwa fundi mwingine. Mwisho kabisa ameandika kwamba Mitwaba kuna baridi wakati wa mvua, nivae sweta. Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi. Hasa sehemu ya sweta.

Mtu anayesukuma anapata nafasi ya kutafakari. Nimetafakari. Nimejichunguza bila huruma, nikayaona makosa yangu waziwazi: turbo ilikuwa kubwa mno, na chupa ya mafuta ilikuwa ndogo mno.

Jioni tumepita greda. Greda la njano la watengeneza barabara, limetumbukia kwenye mtaro na kuachwa, majani yameanza kuota kwenye magurudumu. Hakuna mlinzi. Hakuna kijiji karibu. Mahamudu alikuwa anatazama mbele, mimi nilikuwa nyuma nasukuma, kwa hiyo nilipata muda wa kuliangalia vizuri ubavuni. Yupo. Konokono. Kwa pale nilipokuwa ameonekana mdogo kuliko wa Mahamudu, saizi ya Radi kabisa. Labda ni umbali, lakini sidhani. Na moteri si shida, moteri za teksi zinakufa kila siku.

Tena ni mkopo tu. Nani anatengeneza barabara wakati wa mvua?

Tukirudi nitamwomba Mahamudu tusimame pale kidogo. Nitasema nimebanwa na mkojo. Na nitavaa sweta, kama Ramla alivyosema. Lina mifuko mikubwa, funguo za nati zitaenea zote.